Mwenye Liverpool Simjui, Acheni Kuniuliza

Haya jamani, video hii nimelazimishwa. Kila nikiweka kitu, chini nakuta: "Kaka, si upo Boston, Marekani, mwambie John Henry, mwenye Liverpool, anunue beki." Wengine: "Alipataje pesa, tupe njia." Nikijibu, najigamba. Nikinyamaza, naringa. Nakaa Boston, basi. Fenway, uwanja wa Red Sox, timu yake ya besiboli, naupita nikienda zamu ya usiku. Tiketi naiangalia bei, naendelea na safari.

Pesa yake haikutoka michezoni. Alikuwa mtu wa bei za mahindi na soya: ananunua na kuuza mikataba ya mazao bila kugusa gunia hata moja. Alijiwekea kanuni za hesabu, bei ikishika njia ya kupanda anaingia, ikigeuka anatoka, moyo upende usipende. Baadaye akasimamia pesa za watu. Mwaka 1999 akanunua Florida Marlins, timu ya besiboli, kisha 2002 akaitaka Red Sox. Kumbe hata tajiri ana makaratasi! Timu mbili za ligi moja haziruhusiwi, ile ya kwanza ikabidi aiuze, na wamiliki wenzake wakapiga kura kama wanamtaka. Dili la karibu dola milioni 700, tena hakutoa peke yake, hadi kampuni ya gazeti la New York Times ilikuwa na hisa.

Mimi mkopo wa gari, gari lenyewe limetumika, nimepeleka hati za mshahara, bili ya umeme, barua ya mwenye nyumba. Naambiwa jina kwenye bili limepungua herufi moja, nianze upya. Na hapohapo ndugu ananitumia picha ya kiwanja: "Weka tu kidogo, kaka." Simtaji mtu.

Kuhusu ubahili mnaomlaumu nao, hamko peke yenu, hata mashabiki wa Red Sox wanalalamika. Aliwapa ubingwa 2004, walioukosa tangu 1918. Lakini 2020 nyota wao Mookie Betts akapelekwa timu ya Los Angeles Dodgers, na Dodgers wakabeba kombe mwaka huohuo. Kazini kuna mzee mmoja, ukimtajia Betts anaiacha kahawa yake ipoe.

Sasa mtu asikimbilie kucheza bei za mazao kwenye simu halafu aje kunidai. Yule ni yeye, mimi ni mimi, na wewe unajua mfuko wako. Anayetaka beki aiandikie klabu. Na wewe wa kiwanja, nitakupigia Jumapili.