Faili la Baiti 20

Wenzangu, shukrani kwa kuja. Sitawaeleza bakapu, ile nakala ya akiba ya data, ni nini wala kwa nini mtu aifanye. Hilo mnalijua, na baadhi yenu mmelijua kwa machozi. Nimekuja na swali lilelile ninaloliuliza kila nikipewa kipaza sauti: mara ya mwisho ulirejesha data kutoka kwenye bakapu yako lini? Siulizi ulinakili lini. Kunakili hufanywa na skripti usiku wa manane, wewe umelala. Nauliza kurejesha: kulichukua lile faili, kulipeleka kwenye mashine tupu, kulifungua, na kukuta data yako imekaa mahali pake, nzima.

Naiona mikono mitano, na ukumbi umejaa. Ndiyo maana narudia.

Tuanze na mstari mmoja wa amri, kwa sababu nusu ya maafa ninayoyazungumzia yamo ndani yake:

pg_dump duka | gzip > duka.sql.gz

Mnaujua. Wengi mmeuandika kwa mikono yenu. Tuutazame polepole. pg_dump, programu ya kunakili kanzidata za PostgreSQL, inaisoma kanzidata na kumwaga maandishi. gzip inayapokea upande wa pili wa bomba na kuyabana. Mshale unaandika faili. Sasa tuseme pg_dump imeshindwa. Labda nywila ilibadilishwa juzi. Labda seva ya kanzidata imepandishwa toleo, na pg_dump iliyo kwenye mashine ya bakapu imebaki ya zamani. Nayo hukataa katakata kusoma seva yenye toleo kuu jipya kuliko lake. Inatoa mstari mmoja wa hitilafu, inazimika. gzip haina habari. Imeletewa maandishi yenye urefu wa sifuri, imeyabana, imeandika faili, imemaliza salama. Na bash, programu inayoziendesha amri hizi, ikiulizwa kazi imekwendaje, hutoa jibu la programu ya mwisho kwenye bomba, yaani gzip. Jibu ni sifuri: mambo shwari. Skripti inasonga mbele hadi mstari unaofuata, ule wa kufuta bakapu zenye umri wa zaidi ya siku 7. Inafuta, maana ndivyo ilivyoagizwa. Baada ya wiki moja na siku moja, hamna kitu.

Lakini faili lipo! Lina jina zuri, lina tarehe ya leo, liko kwenye folda yake. Ukiandika ls unaliona. Ukiandika ls -l, hapo ndipo utaona ukubwa wake: baiti 20. Hizo ndizo gzip huandika hata ikipewa utupu. Baiti 10 ni za kichwa, 2 ni za data iliyobanwa ambayo haina kitu, na 8 za mwisho ni namba ya ukaguzi na urefu wa maandishi ya awali. Na msije mkaniambia mtalikagua kwa gzip -t. Faili hilo ni halali kabisa. gzip -t italipitisha bila neno, kwa sababu utupu uliobanwa sawasawa nao ni faili sahihi. Leo mkifika kwenye mashine zenu, kabla ya jambo lolote, tafuteni kwenye folda ya bakapu mafaili ya baiti 20.

Dawa yake ni hii. Mwanzoni mwa skripti ya bash wekeni set -euo pipefail. Hiyo pipefail ndiyo inayoilazimisha bash kukiri kushindwa kwa programu yoyote iliyo kwenye bomba, si ya mwisho pekee. Afadhali zaidi, liondoeni bomba: pg_dump -Fc -f huandika faili lililobanwa moja kwa moja, na jibu linalorudi ni lake yenyewe. Andikeni kwanza kwa jina la muda, kagueni, kisha ndipo mlibadilishe jina liwe la kudumu. Kukagua ni nini? Kwa bakapu ya maandishi, tazameni mistari ya mwisho mwisho: pg_dump ikimaliza salama huacha maneno "PostgreSQL database dump complete", na mysqldump, mwenzake wa MySQL, huacha "Dump completed". Hayapo? Faili limekatika njiani. Halafu linganisheni ukubwa wa leo na wa jana. Kanzidata inayokua haipungui nusu kwa usiku mmoja bila sababu. Na mstari wa kufuta bakapu za zamani usifikiwe kamwe kama ya leo haijapita ukaguzi. Kwanza pata, ndipo utupe.

Kuna anayesema moyoni: mimi ningejua, cron, ile programu inayoziendesha skripti kwa ratiba, ingeniandikia barua pepe. Tulizungumze hilo, maana ndilo linalowalaza watu usingizi wa pono. Cron hutuma barua pale tu skripti inapotoa maandishi, na pale tu mashine ile ina programu ya kutuma barua iliyopangwa sawasawa, na pale tu seva ya upande wa pili inapokubali kuipokea. Mengi hapo hayapo kwenye seva ya kukodi iliyowashwa jana. Na mwisho wa mstari mara nyingi pamewekwa > /dev/null 2>&1, yaani maandishi yote yatupwe, kwa sababu kuna mtu alichoshwa na barua.

Tena kuna mtego mdogo uliowaumiza wengi. Ndani ya crontab, orodha ya ratiba za cron, alama ya asilimia ina maana yake ya peke yake: cron huigeuza kuwa mwisho wa mstari, na yote yanayofuata huyapeleka kwa amri kama data ya kusoma. Kwa hiyo ukitengeneza jina la faili kwa date +%F, amri inakatwa palepale kwenye %. Ukiijaribu kwa mkono inafanya kazi. Ukiiweka kwenye crontab inavunjika. Unaitazama amri ileile mara kumi na huoni kosa, kwa sababu kosa halimo kwenye amri. Tangulizeni mkwaju wa nyuma, \%, au, nashauri hili zaidi, wekeni kazi yote ndani ya skripti, crontab iiite skripti basi. Na mkumbuke PATH ya cron, orodha ya folda inamotafuta programu, ni fupi, kwa kawaida /usr/bin:/bin tu. Programu iliyo /usr/local/bin haitaonekana. Andikeni njia kamili.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo geuzeni utaratibu. Msiitegemee skripti ipige kelele ikishindwa. Itoe ishara ikifaulu, na mashine nyingine, si hiyohiyo, iwe inaingoja. Saa ikipita bila ishara, hiyo ya pili ndiyo iwaamshe.

Mnadhani natia chumvi? Tarehe 31 Januari 2017, kwenye GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu, mhandisi aliyekuwa akihangaika na seva ya pili ya kanzidata alifuta folda ya data. Alidhani yuko kwenye seva ya pili. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipoizuia amri, katika gigabaiti 300 hivi zilibaki kama 4.5. Wakaenda kwenye bakapu. Mahali zilipotakiwa kuwa palikuwa patupu: pg_dump iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya toleo 9.2, kanzidata ilikuwa 9.6, na kila usiku ilikuwa ikikataa. Barua za hitilafu zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu hazikukidhi masharti ya DMARC, zile kanuni za kuthibitisha mtumaji. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa 6 kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Data ya hizo saa 6 ilipotea. Na kuirudisha iliyobaki kulichukua saa nyingi, kwa kuwa diski za mashine ya majaribio zilikuwa za polepole. Tunayajua haya yote kwa sababu wenyewe waliyaandika hadharani, na nawaheshimu sana kwa hilo. Wangeficha, tungejifunzia nini?

Haya, njooni na zile hoja nyingine. "Sisi tuna RAID." RAID, diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, inakulinda diski inapokufa. Ukifuta faili, inalifuta kwenye diski zote kwa mpigo mmoja. "Tuna seva ya pili inayofuatisha ya kwanza." Vema, nayo itaifuatisha DELETE isiyo na WHERE, ile inayofuta rekodi zote za jedwali, kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. "Mafaili yetu yanasawazishwa kwenye wingu." Kusawazisha ni kufanya pande mbili zifanane, na ukiharibu upande mmoja zitafanana kwa uharibifu. "Tumekodi kwa kampuni kubwa." Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud, Strasbourg, liliungua. Baadhi ya waliokuwa na bakapu kwenye eneo lilelile walipoteza vyote viwili kwa moto mmoja. Ndiyo sababu ya ile kanuni ya zamani ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Mbali maana yake jengo jingine, na ikiwezekana akaunti nyingine yenye nywila nyingine.

Sasa kurejesha kwenyewe, maana ndiko nilikotaka tufike na saa inakimbia.

Chukueni mashine mpya, tupu. Asiyeijua mitambo yenu vizuri ndiye afanye, na afuate maandishi tu. Akikwama, maandishi ndiyo yenye kasoro. Akirejesha kwa psql, programu ya kuipa PostgreSQL amri, lazima aweke -v ON_ERROR_STOP=1. Bila hiyo psql ikikutana na hitilafu inaiandika, inaendelea na mstari unaofuata, na mwishoni inarudisha sifuri. Ni kisa kilekile cha gzip, mlango mwingine. Hitilafu ya kwanza atakayokutana nayo karibu nawahakikishia: role, yaani mtumiaji wa kanzidata, haipo. pg_dump hunakili kanzidata moja. Watumiaji na ruhusa zao za seva nzima hazimo. Hizo zinahitaji pg_dumpall --globals-only, faili la pembeni. Ya pili: kiendelezo kama PostGIS, cha data za ramani, hakijawekwa kwenye mashine mpya, na majedwali yanayokitegemea hayajengeki.

Ikishapanda, msipige makofi bado. Hesabuni rekodi kwenye majedwali makubwa mlinganishe na seva inayofanya kazi. Tafuteni rekodi mpya kabisa muitazame tarehe yake. Nimeitaja hii kwa makusudi, kwa sababu bakapu inaweza kuwa nzima na kumbe ni ya miezi minne iliyopita. Kisha washeni programu yenyewe, ingieni kama mtumiaji wa kawaida, fungueni ukurasa wenye picha. Picha haionekani? Kanzidata huwa imehifadhi jina la faili tu. Picha zenyewe ziko kwenye folda ambayo hakuna aliyeikumbuka. Hili halionekani kwa kuhesabu rekodi. Linaonekana kwa macho ya mtu aliyefungua ukurasa.

Na pimeni muda kwa saa, msikisie. Terabaiti 1 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikiwa yote ni yenu bila anayeigusa, ni sekunde 80,000: zaidi ya saa 22 za kupakua tu, kabla ya kujenga indeksi hata moja. Mkubwa wenu ameahidiwa saa ngapi?

Nimeonyeshwa kadi ya dakika tano. Basi kwa haraka.

SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili: usilinakili faili kwa cp wakati programu inaandika. Kama inatumia hali ya WAL, mabadiliko ya karibuni yako kwenye faili la pembeni linaloishia na -wal, na utabeba nusu. Tumia .backup au VACUUM INTO. MySQL yenye majedwali ya InnoDB: --single-transaction, la sivyo mysqldump huyafunga majedwali yasiandikwe hadi imalize, na ukiuzima ufungaji huo, jedwali la malipo litakuwa la saa hii na la wateja la dakika tatu zilizopita.

Ufunguo wa kufungulia bakapu iliyosimbwa usikae kwenye seva ileile inayonakiliwa tu. Seva ikienda, ufunguo umeenda nayo, na bakapu yenu ni kelele tupu. Uwe mahali pawili, pamoja pakiwa kwenye karatasi.

Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila diski vinayoweza kuiandikia, ya bakapu ikiwemo. Kwa hiyo seva kuu isiwe na ruhusa ya kufuta bakapu. Ama mashine ya bakapu ije yenyewe kuchukua, ama hifadhi ikubali kuongezwa tu. Nilikuwa na mengi hapa, hasa kuhusu ruhusa, lakini yapite.

La mwisho ni simu zenu. Zile namba za tarakimu sita za kuingilia kwenye akaunti, kwa wengi ziko kwenye simu moja tu. Bakapu iko salama mbali huko, lakini mlango wake unafunguliwa na kifaa kinachoweza kudondoka kwenye maji. Huduma nyingi zenye uthibitisho wa hatua mbili hutoa misimbo ya dharura, nayo kwa kawaida kila mmoja hutumika mara moja. Itafuteni sasa hivi, mkiwa bado mmekaa. Kama imehifadhiwa kwenye simu ileile, au ndani ya akaunti ileile inayoifungua, ichapisheni usiku huu na kuiweka nyumba nyingine. Maswali?