Mfuateni mpiga tumba: mhadhara kuhusu Agharta

Asanteni, kaeni, kaeni. Miles Davis simwelezi ni nani, mnamjua, yule mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, na waliokuja kusikia habari zake za miaka ya hamsini wanisamehe, leo siigusi kabisa.

Hili nimelisema mara nyingi na ntaendelea kulisema: Agharta, hii albamu yake ambayo watu wanasema ni kelele tupu, siyo kelele. Shida ni kwamba mtu anaweka sahani halafu anakaa kusubiri tarumbeta, na tarumbeta ikija imeunganishwa na wawa, kile kifaa cha umeme cha kukanyaga kinachoipindapinda sauti, inalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa, basi anaudhika anazima, kesho anakuja kuniambia nimempotezea muda. Jamani, nyumba hii mlango wake siyo tarumbeta. Zungukeni uani, ingieni kwa besi na tumba.

Tarehe 1 Februari 1975, Festival Hall, Osaka, Japani. Shoo mbili siku moja, ya mchana ndiyo ikawa Agharta na ya jioni ikawa albamu nyingine, Pangaea. Watu saba jukwaani. Na anayepiga tumba anaitwa nani? Mtume. Soma jalada, limeandikwa hivyohivyo, Mtume, herufi kwa herufi kama unavyoandika wewe.

Hapa mnivumilie maana hapa ndipo pananiuma. Huyu ni kijana wa Philadelphia, mtoto wa damu wa Jimmy Heath mpiga saksafoni, miaka ya sitini akaingia kwenye kundi la akina Maulana Karenga, mwanaharakati wa Wamarekani weusi kule California, hao ndio walioanzisha Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi, wakawa wanaacha majina waliyorithi toka utumwani wanachukua ya Kiswahili. Yeye akachukua Mtume. Halafu akawagawia na wengine! Bendi ya Herbie Hancock mpiga piano, ile ya mwanzo wa miaka ya sabini, Herbie akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams akawa Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga kwa sababu kweli alikuwa daktari, amesomea udaktari kabisa. Miles naye mwaka 1974 akatoa wimbo mrefu unaoitwa "Mtume". Sasa nimezunguka na habari hii kila mahali, na kila mahali nakuta watu wanaozungumza Kiswahili tangu tumboni hawajawahi kuisikia. Inaniuma, siwezi kuficha.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema ah, jina tu hilo, mwenzetu hata shikamoo asingeitikia. Sikusema ni Mswahili. Nasema mtu alikaa akachagua aitwe kwa lugha yako, miaka ambayo kuchagua hivyo Marekani ilikuwa ni kusema jambo zito, na akapanda nalo jukwaani mbele ya Wajapani, basi angalau msikilize mkono wake.

Na mkono wake ndio huu. Prelude, kipande cha kwanza cha Agharta, inaanza, dakika thelathini na ushee, ndefu mpaka kwenye santuri ikabidi ikatwe iendelee upande wa pili. Al Foster anafungua sahani zake za drams zinachemka tu hazifungwi, Reggie Lucas anakata gitaa la rizimu, na waliokulia kwenye dansi watamwelewa huyu haraka kuliko wasomi wa jazz, kazi yake ni ileile ya kushikilia pale pale bila kuchoka mpaka wewe uchoke. Chini yake besi ya Michael Henderson, aliyetoka kwa Stevie Wonder, siyo mtoto wa jazz huyu, anarudia kifungu kimoja anarudia anarudia. Mtume ndiye anayejaza nafasi wanazoacha hao watatu. Kisha Miles anatoa ishara na bendi nzima inakatika, pwaa, anabaki mpiga solo peke yake hewani, hana pa kukanyaga, halafu wote wanarudi kwa pigo moja kama vile hawakuondoka. Kelele gani hiyo inayojua kunyamaza kwa pamoja? Wahuni hawawezi kufanya hivyo.

Naona naoneshwa saa. Haya, Pete Cosey wa gitaa la solo, mtu wa Chicago, alipiga na Muddy Waters, yule nguli wa blues, huyu anataka mhadhara wake peke yake. Sonny Fortune wa saksafoni na filimbi, msikilizeni filimbi yake kwenye kipande cha Maiysha. Miles mwenyewe nyonga zilikuwa zimekwisha, anaishi kwa dawa za maumivu, mwaka huohuo akaiweka tarumbeta chini na albamu yake mpya iliyofuata imekuja kutoka 1981. Jalada la Tadanori Yokoo, mchoraji wa Kijapani, nilitaka kulizungumza, basi.

Kitu kimoja tu kabla hatujaiweka. Sahani ya Japani ilitoka na maelekezo kwamba ipigwe kwa sauti ya juu kabisa, na siyo mbwembwe. Spika ya simu haitoi besi, ukisikilizia kwenye simu umemfuta Henderson na tumba zimebaki nusu, kilichobaki ndiyo hicho mnachokiita kelele. Fundi, weka upande wa kwanza. Panda. Panda tena, nitakwambia.