Wimbo Unaozimika Katikati: Albamu ya Kwanza ya Os Mutantes

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Kabla sijaeleza lolote, tusikilize wimbo mmoja. Naomba mtulie mpaka uishe.

(Wimbo unapigwa.)

Nimeona baadhi yenu mkigeuka kumtazama fundi mitambo. Fundi hana kosa. Wimbo ulikuwa unapaa vizuri, mara sauti ikazama, ikawa nzito, ikakata, kama mtu aliyechomoa waya wa gramafoni ukutani. Ndivyo ulivyorekodiwa. Unaitwa “Panis et Circenses”, yaani mkate na michezo, na ndio unaofungua albamu ya kwanza ya bendi ya Os Mutantes, iliyotoka Brazili mwaka 1968. Mtu aliyeiweka santuri hiyo mara ya kwanza nyumbani kwake lazima aliinuka kwenda kuangalia mashine. Kwangu mimi, mvuto wa albamu hii unaanzia hapo: inamwinua msikilizaji kitini na kumwingiza mchezoni.

Walikuwa vijana watatu wa São Paulo: Rita Lee na ndugu wawili, Arnaldo Baptista na Sérgio Dias. Sérgio, mpiga gitaa, hakuwa hata amefikisha miaka 20. Kaka yao mkubwa, Cláudio César, alikuwa fundi. Magitaa na vifaa vya kukwaruza na kupinda sauti alivitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na ndiyo maana gitaa lile linanguruma kwa namna ambayo hulisikii kwingine. Mipango ya ala iliandikwa na Rogério Duprat, mtu aliyesomea muziki wa okestra, ambaye badala ya kuwatuliza vijana aliwaongezea kuni.

Sasa, gitaa la umeme Brazili wakati ule halikuwa jambo dogo. Majenerali walikuwa wametwaa nchi tangu 1964, na kwa wanamuziki wengi wazalendo gitaa hilo lilikuwa alama ya ugeni. Julai 1967 wanamuziki waliandamana São Paulo kulipinga, na Gilberto Gil alikuwa miongoni mwao. Miezi mitatu baadaye, Gil huyohuyo alipanda jukwaa la tamasha la televisheni akiwa na Os Mutantes, gitaa la umeme likiunguruma nyuma yake, akashika nafasi ya pili. Nimeitafakari sana safari hiyo ya miezi mitatu. Gil hakuacha kuipenda nchi yake. Alitambua kwamba cha mgeni kinaweza kuliwa, kikasagwa, kikawa damu ya mwenyeji. Wazo hilo la kula mshairi Oswald de Andrade alikwisha kuliandika mwaka 1928, na kundi lililoitwa Tropicália, la akina Gil na Caetano Veloso, likalifanya muziki.

Ukitaka kuona ulaji huo, chukua “Bat Macumba”, wimbo wa Gil na Veloso. Kichwa chake kinamgonganisha Batman wa vitabu vya katuni na macumba, ibada zenye asili ya Afrika. Ngoma zinapigwa kama za ibada, gitaa la Sérgio linalia juu yake. Maneno ni mstari mmoja tu, lakini kila unaporudiwa unapunguzwa silabi mwishoni, mpaka kinabaki kipande kidogo kabisa, kisha silabi zinarudi moja moja. Ukiuandika wimbo mzima kwenye karatasi, mistari inachora umbo la bawa la popo. Hapo hakuna Kireno cha kukushinda. Mtoto anaweza kuufuata, na msomi wa ushairi anaweza kuukalia wiki nzima.

Wapo wanaosema hawa waliiga The Beatles. Waliwapenda, hilo halifichiki, na nyimbo mbili tatu katika albamu hii ni nyepesi kiasi kwamba sitazitetea. Lakini mwigaji hujitahidi kufanana na anayemwiga. Hawa walichukua wimbo wa mapenzi wa Jorge Ben, “A Minha Menina”, wakamwita mwenyewe aje na gitaa lake la kawaida, kisha wakaweka juu yake mngurumo wa umeme unaokaribia kuupasua. Samba inabaki samba. Ninavyowasikia, mahaba yapo, makelele yapo, na hakuna kilichomwomba mwenzake radhi.

Turudi kwenye ule wimbo wa kwanza. Maneno yake yanamzungumzia mtu anayetaka kuimba wimbo wenye mwanga wa jua, huku watu walioketi chumba cha kulia wanashughulika na kuzaliwa na kufa tu. Mwishoni mnasikia vyombo vinagongana mezani na watu wanakula kana kwamba hapajatokea kitu. Ilikuwa 1968. Tarehe 13 Desemba mwaka huo serikali ya kijeshi ilitoa Amri ya Tano, ikafunga bunge na kukaza udhibiti wa sanaa. Kabla mwaka haujaisha, Gil na Veloso walikamatwa, na mwaka uliofuata wakaenda uhamishoni London. Kila nikisikia zile sahani, nawaza meza hiyo.

Nje ya Brazili albamu ilichelewa kusikika. Mwaka 1993 Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Kimarekani Nirvana, alipofika Brazili na bendi yake alimwandikia Arnaldo barua. Mwaka 1999 mwanamuziki David Byrne alitoa mkusanyiko wa nyimbo zao. Bendi ilirudi jukwaani mwaka 2006, London, bila Rita Lee, ambaye alifariki Mei 2023. Waliovutwa hivyo wengi hawakujua Kireno.

Tumalizie na wimbo mtulivu kuliko yote, ule wa Kifaransa, “Le premier bonheur du jour”. Studio walihitaji mchakacho wa toazi, wakachukua bomba la mkono la kupulizia dawa ya wadudu. Fundi, tuwekee. Sikilizeni kwa chini, pale ambapo toazi lingekaa: tss, tss.