Penseli Ngojeni Kwanza: mhadhara kwa walimu wapya wa chekechea, Mombasa

Assalaam aleikum. Hamjambo. Nyinyi wa nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Nimepewa dakika 30 niwakaribishe kwenye kazi ya ualimu wa chekechea. Ratiba inasema nianze na historia. Historia mtaisoma: Mjerumani Friedrich Froebel alifungua mahali pake pa watoto mwaka 1837, Maria Montessori akafungua pake Roma mwaka 1907, mtaandika kwenye mtihani, mtapita. Mimi naanza na penseli. Wenzangu hapa mbele wameshaanza kutazamana, maana wanajua nikianza na penseli sifiki kwengine.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa shule moja ya upande wa Likoni. Ilikuwa kabla fimbo haijapigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na mimi fimbo nilikuwa nayo. Watoto zaidi ya 40, chumba kimoja, na kila asubuhi naandika "a" ubaoni, wao wajaze ukurasa mzima wa daftari. Kulikuwa na kitoto cha miaka mitano, tukiite Mwanaidi. Penseli alikuwa akiishika kwa ngumi, kama ashikaye mchi. Akikandamiza, ncha inakatika. Akichonga tena, karatasi inatoboka. Nilimpiga kwenye vidole. Msinitazame hivyo, nawaambia kwa sababu nilifanya, na nilidhani ndiyo kazi yenyewe. Mamake akanipa na ruhusa: "Mwalimu, huyu mzito. Nyama yako, mifupa yangu." Mnayajua maneno hayo, wengine mmekabidhiwa chuo cha Kurani hivyo hivyo.

Sasa, siku moja baada ya saa sita nikatoka nje nipate upepo, nikamkuta Mwanaidi chini ya mwembe na watoto wakubwa, wanacheza mdako. Wangapi hapa wamecheza mdako? Nyosheni mikono. Haya, wachache, na wote wana mvi. Wachanga nyinyi nitawaelezea. Mnachimba kishimo, mnatia vijiwe 12. Unarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka unavikumba vijiwe vyote nje ya shimo, unalidaka. Unalirusha tena, unavirudisha vyote, unabakisha kimoja nje. Duru ijayo unabakisha viwili. Kisha vitatu. Macho yako juu kwenye jiwe, mkono uko chini unafanya kazi peke yake.

Mwanaidi alidaka mara tatu, la nne likamponyoka. Akaingia msichana mkubwa, wa darasa la tatu hivi. Alipovirudisha vijiwe, Mwanaidi akamshika mkono: "Umerejesha nyingi, wewe! Zibaki mbili nje, umeacha moja!" Na kweli. Mimi kwenye rejista yangu nilikuwa nimemwandikia: hajui kuhesabu.

Nilirudi ndani nikakaa. Nilikuwa na cheti, sina jibu.

Jibu la ile penseli ya Mwanaidi nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, na lilikuwa kwenye picha ya eksirei. Hapa, kwenye kifundo cha mkono, mtu mzima ana mifupa midogo 8. Mtoto mchanga bado ni gegedu tu, ukimpiga picha pale panaonekana patupu. Mifupa hiyo hugumu mmoja baada ya mwengine. Mtoto wa miaka minne, unayemwona pale PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, kwa kawaida ana kama nusu yake. Wa mwisho huchelewa mpaka miaka minane, pengine 12. Kwa hiyo yule mama aliyesema mifupa ni yake, mifupa yenyewe ilikuwa haijatimia! Na si mifupa peke yake: misuli ya vidole na ubongo navyo vinazoeana polepole, na havizoeani kwa kuandika "a" mia. Vinazoeana kwa kukanda unga wa mahamri, kuchambua mchele, kukamua nguo, kutunga asumini. Mtoto aliyetunga asumini kwa uzi na sindano butu, akaweza kuupitisha uzi bila kulichana ua, huyo mpe penseli, yuko tayari.

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, mzazi amelipa karo, anataka kuona daftari limejaa." Naam. Atakuja saa sita, atalifungua pale pale langoni, halina kitu, atakuuliza mwanangu amefanya nini leo. Na wewe utasema "amecheza", utakuwa umejimaliza mwenyewe. Mwambie: leo amepima mchanga kwa kifuu, ameona vifuu vinne vinajaza kopo moja, amebishana na mwenzake, wamepima tena. Huo ndio ukurasa wake wa leo. Kama huwezi kumwambia hivyo, basi hukuwa unamtazama mtoto, ulikuwa unatazama simu. Mwalimu aliyekaa na simu watoto wakizunguka huyo hachezeshi, anangoja mshahara.

Na yule wa pembeni anayetikisa kichwa: "Si atacheza nyumbani?" Nyumbani wapi, mwanangu? Ghorofa ya nne Majengo? Uchochoro wenyewe umejaa bodaboda. Mwembe niliowaambia umekatwa, pana maduka. Kwa wengi wao, uwanja wa chekechea ndio mchanga pekee watakaouchezea wiki nzima.

Wala sikusema watoto wasiandike! Kila mwaka nikitoka hapa naambiwa nimekataza kuandika. Montessori aliwakatia watoto herufi za karatasi ya msasa, wakawa wanazipapasa kwa kidole mpaka mkono unaijua njia. Kalamu ilikuja nyuma. Nasema hilo tu.

Sasa, mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbio mbio.

Lugha. Katika ngazi hii mtoto anafundishwa kwa lugha ya pale alipo, na hapa ni Kiswahili. Mtaletewa wazazi wanaotaka Kiingereza kuanzia langoni. Mtoto hawezi kubishania vifuu kwa lugha asiyoijua. Tuendelee.

Usaili wa darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusi shule ya umma kumtahini mtoto ili imwandikishe. Shule za kibinafsi wanafanya, na mbio zote hizi za penseli zinaanzia hapo. Hili lilitaka saa nzima, tuliache.

Ajira. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Kwa hiyo TSC, tume ya kuajiri walimu, inakusajili, lakini anayekuajiri ni kaunti, na mwenzako wa darasa la kwanza, ukuta mmoja na wewe, yuko upande mwengine kabisa, yeye ni wa TSC. Someni kandarasi kabla ya kutia sahihi. Someni mpaka nyuma.

Na kwa wanaodhani haya ya vifuu na mchanga ni mambo ya Wazungu: chekechea za madrasa, ule mpango wa Aga Khan, zilianzia hapa hapa Mombasa miaka ya 1980, kwa walimu wanawake wa mitaani, ndipo zikavuka kwenda Zanzibar na Uganda. Ulizeni mama zenu, wapo waliozisomea.

Watoto wenye ulemavu, usalama, lishe... nilikuwa nimeandika, sikufika. Mtapata na walimu wengine.

Kesho saa mbili kamili, uwanjani, si humu ndani. Kila mmoja na vijiwe 12, viwe vya duara, visiwe vikubwa kuliko punje ya korosho. Msije na suruali za kubana, tutakaa chini. Na atakayeshindwa kufika duru ya vitatu, atabaki nami mpaka afike.