Darasa Linapoitikia "Ndiyooo!"

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunaingia kidato cha kwanza, shule ya kata. Mwalimu anamaliza kueleza, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mwalimu Rehema, wewe umefundisha sayansi. Jibu hilo linakuambia nini?

REHEMA: Haliniambii kitu, kaka Baraka. Aliyeelewa ameitikia, asiyeelewa naye ameitikia. Mwite mmoja asimame, wote macho chini. Wengine husema watoto wa siku hizi wavivu. Sikubali. Huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa masomo karibu yote ni Kiingereza. Anaogopa kukosea sayansi, anaogopa kukosea sarufi, anaogopa kuchekwa. Hofu tatu kwa swali moja!

BARAKA: Mwalimu aanzie wapi?

REHEMA: Anyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza, hata sekunde 1 haipiti wameshadakia: wanajibu wenyewe au wanamwita mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakarefuka, na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza kujibu.

BARAKA: Sekunde 3 mbele ya darasa kimya ni ndefu, jamani.

REHEMA: Ndefu kwako mwalimu. Kwa mtoto anayetafsiri kichwani hazitoshi! Ndiyo maana napenda wajadiliane kwanza wawili wawili. Uliza: "Nguo imeanikwa kivulini, jua haliipigi. Mbona inakauka?" Kila mmoja afikiri kimya, kisha amgeukie mwenzake wa dawati, wabishane kwa Kiswahili, ndipo walete jibu kwa Kiingereza. Anayesimama na kusema "sisi tumeona hivi" hatetemeki, maana jibu si lake peke yake.

BARAKA: Ila kuna shule ukikutwa unaongea Kiswahili unaadhibiwa.

REHEMA: Najua, na hilo linaniuma sana. Mtoto anayeadhibiwa kwa kusema atajifunza kunyamaza, basi. Hata hicho Kiingereza hatakipata.

BARAKA: Na darasa lina watoto 80, kipindi dakika 40?

REHEMA: Hapo ndipo jozi zinaokoa muda. Kwa dakika 2, watoto 40 wanaongea kwa wakati mmoja. Halafu usiwaite walewale wa dawati la mbele. Andika majina kwenye vikaratasi, tia kwenye kopo. Uliza, subiri, ndipo uchomoe jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 79 wameshapumzika.

BARAKA: Akikosea, wenzake wakamcheka?

REHEMA: Zima kicheko palepale, kisha muulize, "Umefikaje hapo?" Tuseme amejibu kwamba maji yote yamedondoka chini. Ameona jambo la kweli, nguo mbichi hudondosha maji. Mwambie hivyo mbele ya wote. Kisha waulize: je, iliyokamuliwa hadi haidondoshi hata tone, maji yake yanakwenda wapi? Sasa darasa zima linafikiri kuanzia kwenye jibu lake.