Pete Moja, Sentimita 2.8

Ndugu zangu wa Kigoma, tuelewane kwanza: hii rada ya setilaiti, tunayoitumia kuona kama ardhi imesogea, haipimi kimo cha ardhi. Inapima kama umbali kati yake na paa lako umebadilika tangu ilipopita mara ya mwisho. Sentinel-1 ya Ulaya huruka kilomita 693 juu na kurudia njia ileile kila siku 12. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.5 hivi. Kwa kuwa linakwenda na kurudi, ardhi ikisogea sentimita 2.8 tu, picha inayolinganisha mapito mawili inatoa pete moja kamili ya rangi. Pete tatu ni sentimita 8.4.

Ila setilaiti hutazama kwa ubavu. Pembe yake kutoka wima ikiwa nyuzi 39, na una hakika ardhi imedidimia wima, gawa kwa 0.78 (kosaini ya pembe hiyo), ile 2.8 inakuwa 3.6. Mwendo wa kaskazini au kusini karibu hauonekani kabisa.

Chukua picha mbili za njia moja. Zilaze pikseli juu ya pikseli, tafuta tofauti ya mawimbi, ondoa mchango wa vilima kwa ramani ya miinuko, chuja, kisha geuza pete kuwa sentimita. Hapo mwisho ndipo wengi huharibu: pete ikikatwa na msitu, programu huruka mzunguko mzima, na unaona ngazi ya 2.8 ambayo ardhini haipo.

Msitu wenyewe ndio shida yetu. Linganisha Julai na Januari juu ya miombo ya Uvinza, utapata chenga tupu, kwa sababu majani na unyevu vimebadilika. Tumia picha za Juni hadi Agosti zilizopishana siku 12, au wimbi refu la setilaiti ya ALOS-2 ya Japani, takribani sentimita 24, linalopenya majani. Mapaa ya mabati ya Mwanga na Ujiji, hapa mjini, hayana taabu, hudumu vilevile miaka. Ziwa ni chenga daima. Tetemeko la 5 Desemba 2005, la ukubwa wa 6.8, lilitokea eneo hili la Tanganyika, na sakafu ya ziwa rada haiigusi.

Kuna na mvuke. Hewa yenye unyevu huchelewesha wimbi na kuzua sentimita kadhaa za uongo. Pete zikifuata umbo la vilima, shuku. Zikijitokeza katika kila jozi yenye tarehe fulani na kupotea kwenye nyingine, itupe tarehe hiyo.

Na sehemu ya kulinganishia, yaani pale unapochukulia kuwa hapasogei, iwe mwamba. Ukiiweka kwenye tuta la reli linalotitia, mji mzima utaonekana unapanda.