Aliyenusurika Baharini Akirudi Nyumbani

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana wa Wete.

Septemba 2011 ilizama meli ya MV Spice Islander I baina ya Unguja na Pemba. Mwaka haujatimia, Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Waliokufa tuliwasomea hitima. Walionusurika tukawaambia, "Mshukuru Mungu, umepona," tukadhani yamekwisha.

Kauli hiyo ni ya kweli, na mwenyewe anamshukuru Mola wake kila sala. Lakini mara nyingi tunaisema ili anyamaze. Anaanza kusimulia mkono wa mtoto uliomponyoka, nasi tunawahi: basi, usikumbuke hayo. Hapo anafahamu kwamba humu ndani hakuna wa kumsikiliza. Na kumchokonoa nako hakufai. Kila mgeni anayepiga hodi hutaka asimuliwe tangu mwanzo. Mmoja wenu akae mlangoni, aseme: leo hasimulii.

Kiwewe hukaa mwilini. Harufu ya dizeli tu, au upepo ukipiga mabati, moyo unamwenda mbio, na kwake yeye yumo majini tena. Huo si upungufu wa imani, nakuombeni sana msimwambie hivyo. Akiamka usiku anatweta, usimtikise. Washa taa, simama mbali kidogo, mwite jina lake: "Ni mimi. Uko nyumbani, Wete. Kanyaga sakafu." Akitaka kukaa barazani hadi alfajiri, kaa naye, usimuulize kitu.

Wapo wanaomkatia mtu tiketi ya boti kwa nguvu ili azoee. Msifanye hivyo. Kule baharini hakuwa na amri juu ya chochote. Nyumbani arejeshewe amri yake. Nendeni naye gatini Mkoani siku moja, mtazame boti ikifungwa kamba, mrudi. Siku nyingine sogeeni zaidi. Akisema leo basi, iwe basi. Ila asiachwe akaikimbia bahari maisha yake yote, maana hofu hukua kwa kukimbiwa.

Mwezi ukipita bado halali, hataki watu, au anashtuka kwa kila kishindo, atafutiwe matibabu. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, mnaijua, lakini iko Unguja, na kuvuka ndiko kunakomtisha. Anzeni na hospitali za hapa hapa Pemba. Kisomo kiendelee, hakigombani na daktari. Akisema "afadhali ningekufa na wenzangu," mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asibaki peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe unayemuuguza, pokezaneni usiku. Mke peke yake hawezi kukesha miezi.

Nimeona mama kule nyuma amenyoosha mkono. Karibu, mama.